Komeo la Mama Efraimu

Jumamosi iliyopita msichana aligonga mlango wangu hapa Nyeri, nami nikamwacha asimame nje kwanza. Nilikuwa nimemwona kupitia dirishani akipanda kilima katika manyunyu, na nilimjua ni wa ukoo gani kwa lile paji la uso refu. Ningeweza kumfungulia mara moja. Nilimaliza kukunja taulo, nikalinganisha pembe zake, nikalikunjua kwa sababu hazikulingana, nikalikunja tena. Ndipo nikaenda mlangoni.

"Habari yako, anti," akasema. "Nimetumwa na cucu yangu. Ati anaomba umrudishie ile kitu yake."

Hakujua bibi yake alitaka kitu gani. Mimi nilijua. Kilikuwa nyuma yangu, juu ya meza, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi: komeo la chuma, refu kama kiganja changu, lenye kichwa cha duara cha kushikia. Halina kutu hata kidogo. Mimi hulisugua kwa majivu laini, kisha hulipaka mafuta, na vidole vyangu hubaki vikinuka chuma na majivu siku nzima. Harufu hiyo hunirudisha utotoni kuliko hata harufu ya uji.

Nilimwambia msichana aketi, nikaweka chai motoni. Nilihitaji muda. Si muda wa kuamua, maana nilikuwa nimeamua miaka mingi iliyopita. Nilihitaji muda wa kulifurahia jambo lenyewe. Naandika hivi wazi kwa kuwa nimechoka kusoma kumbukumbu za watu ambao wote, eti, walikuwa watoto wema.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka vyama vya mabati. Bendera ilikuwa bado mpya, na kwenye miteremko yetu upande wa Othaya karibu nyumba zote zilikuwa za nyasi. Akina mama walikuwa wamechoka kuamka na kukuta matandiko yamelowa. Walijikusanya, wakalima mashamba ya watu na kuchuma kahawa pamoja, na kila walipopata mabati yalikwenda kwa nyumba moja, kwa zamu. Siku ya kuezeka walicheza mpaka matope yakawafika magotini. Zamu ndiyo iliyokuwa kila kitu. Mwanamke angeweza kukosa viatu, lakini zamu yake ikikaribia alitembea kama mwenye viatu.

Mwenyekiti wa chama chetu alikuwa Mama Efraimu. Alikuwa mrefu, mwenye miwani, na alikuwa amefundishwa mambo ya nyumba kwenye misheni. Ni yeye aliyeleta sheria kwamba hakuna nyumba itakayopewa mabati kabla ya kukaguliwa kama ni salama, kwa sababu mabati juu ya nyumba itakayoungua kesho ni hasara ya wote. Mpaka leo nimeshindwa kuona kasoro katika sheria hiyo, na jambo hilo huniudhi sana.

Siku zetu za kungoja zilipofika mwisho, chama kizima kilikuja kwetu. Mama alikuwa ameamka mapema akapaka sakafu samadi na majivu, akatuosha mimi na Muriuki ndugu yangu mpaka masikio yakawasha. Mama Efraimu aliinama mlangoni, akaingia, akasimama katikati, akageuka polepole.

"Naona hatari," akasema.

Nilitazama alikotazama. Sikuona kitu. Niliona nyumba yetu tu. Nikadhani ni ile miwani: kwamba hatari ni kitu kinachokaa nyumbani kwa watu kama vile panya, na kwamba ukivaa miwani unakiona.

"Hii koroboi inakaa chini ya karatasi," aliendelea, akinyoosha kidole. "Mafuta ya taa iko kwa chupa ya soda, karibu na maji ya kunywa. Panga imechomekwa kwa paa. Kuni zinakaukia juu ya moto. Mama Muriuki, kwani wewe unataka kuchoma hawa watoto?"

"Hata kwangu kuni zinakaukia juu ya moto," akasema Mama Wangeci, mwanamke mnene aliyependa utani. "Kuni mbichi nitapikia nani? Shetani?"

Akina mama walicheka. Mama Efraimu hakucheka. Alimshika Muriuki, akamwinua mguu ambao uji ulikuwa umemmwagikia siku za nyuma, akawaonyesha wenzake ile ngozi mpya, kama mtu anayeonyesha ukwato wa ng'ombe mgonjwa sokoni.

"Nyumba hii ndiyo ilifanya hivi," akasema.

Kicheko kilikatika. Mama hakujitetea. Alisema tu, "Ni kweli." Nilimtazama nikingoja aseme jingine, aseme kwamba siku ile alikuwa ameenda kumlimia Mama Efraimu mwenyewe viazi, na kwamba mimi ndiye niliyeachwa na sufuria ilhali nilikuwa mdogo kuliko kuni nilizochochea.

"Zamu ipite," Mama Efraimu akaamua. "Iende kwa nyumba iko tayari."

"Na gani iko tayari?" akauliza Mama Wangeci.

"Hata yangu iko tayari. Niko na jikoni inavuja."

Walitoka mmoja mmoja bila kututazama. Mama Efraimu alikuwa wa mwisho, na akiwa mlangoni aliamuru karatasi zote zibanduliwe ukutani, maana zilikuwa kama kuni. Hapo ndipo aliponipata mimi. Kuta zetu zilikuwa zimebandikwa magazeti makuukuu ili kuzuia upepo wa mlimani, na magazeti hayo yalikuwa ndiyo shule yangu. Mama hakuwa na uwezo wa kunipeleka shule bado. Nilijifunza Kiswahili nikiwa nimelala ubavu, nikifuata herufi kwa kidole. Jikoni kulikuwa na habari za bei ya pareto. Kitandani kwangu kulikuwa na hadithi ya mtu aliyefuatwa na simba, na nilikuwa sijamaliza. Mama aliibandua yote mchana ule, akanilainisha kwa maneno, akachochea moto nayo. Sijui mpaka leo kama simba alimpata yule mtu.

Nilikuwa mtoto mwenye hofu, aina ya mtoto anayerudi mlangoni kuhakikisha mlango alioufunga umefungwa. Lakini siku ile niligundua kwamba hofu ikichanganywa na chuki inakuwa kazi nzuri. Niliamua kwamba nyumba yetu haitakuwa na hatari hata moja, na kwamba hatari ya nyumba ya Mama Efraimu nitaitafuta mpaka niione, miwani au hakuna miwani.

Nilihamisha chupa ya mafuta ya taa nikaizika nusu kwenye udongo nyuma ya nyumba. Nililitafutia panga kigingi cha nje. Niliweka gunia lililolowa kando ya mlango, na kila lilipokauka nililowesha. Nilimfundisha Muriuki kutambaa mpaka nje akiwa amefumba macho, tumbo chini, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba moshi hupenda kukaa juu. Siku moja nilimfanyia mama jaribio.

"Mama! Nyumba inaungua!"

Alikuja mbio kutoka shambani, jembe mkononi. "Wapi? Wapi?"

"Hakuna mahali. Tunajifunza. Umechelewa."

"Nitakuchapa mpaka uungue wewe," akasema, akaketi chini akihema. Kisha akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akalia. Niliongeza kilio hicho kwenye hesabu ya Mama Efraimu.

Ilibaki nyumba yake. Sheria ilikuwa sheria, hata kwa mwenyekiti, na tena afisa wa maendeleo ya jamii, mwanamke kijana kutoka Nyeri, alikuwa ameahidi kuja kushuhudia ukaguzi huo. Mama Efraimu alijiandaa kama bibi harusi. Na katika maandalizi yake kulikuwa na kikwazo kimoja, nacho kilikuwa Cucu Nyaguthii.

Cucu Nyaguthii alikuwa mama mkwe wake, mama wa mumewe aliyekuwa akifanya kazi Nanyuki. Aliishi mwisho wa boma katika kibanda cha duara cha nyasi, pamoja na mbuzi wawili na moshi. Alivuta ugoro, alitembea kwa mkongojo, na alikuwa mtu mzima wa pekee aliyezungumza nami kana kwamba mawazo yangu yana maana. Nilipopita kwake alinichomea nduma kwenye majivu, akaniita "mami" na kuniuliza habari za simba wa ukutani.

Wiki ya ukaguzi nilikuta kibanda chake kimebomolewa. Kulikuwa na duara jeusi tu ardhini.

"Ati nyasi yangu ingechoma mabati yake," Cucu aliniambia, akiwa ameketi juu ya gogo na blanketi lake. "Ati mimi ni hatari, mami. Umewahi kuona hatari inavuta ugoro?"

"Utalala wapi, Cucu?"

"Ndani kwa hao wazungu," akasema, akaelekeza kidevu kwenye nyumba kubwa.

Siku ya ukaguzi ilikuwa katika ule msimu wetu wa baridi, wakati ambapo ukungu hauondoki kutwa na mlima huwezi kujua kama bado upo. Mama alikwenda kwa kuwa bado alikuwa mwanachama, na kukosa kwake kungesemwa. Nami nilikwenda nyuma yake, Muriuki mgongoni, macho yakiwa makali.

Sikuona hatari. Nitasema ukweli. Sakafu ya saruji ilikuwa imepigwa nta nyekundu hadi nikaona meno yangu. Ndoo ya mchanga ilisimama jikoni, na ya maji kando yake. Visu vilikuwa juu, viberiti juu zaidi, taa ya chemni juu ya sahani pana. Vitambaa vya kufuma vilifunika kila kiti. Afisa alisifu hiki, akasifu kile. Kwenye ukuta wa nyuma wa sebule kulikuwa na mlango wa mbao wenye komeo jipya kwa nje.

"Na hapa?" akauliza afisa.

"Hapo ni stoo ya viazi tu," akasema Mama Efraimu. "Tuimbe kwanza kabla ya chai."

Tuliimba. Katikati ya wimbo nilisikia mdundo, du, du, du, mzito na wa chini, nikadhani kuna mtu jirani anayetwanga mahindi. Nilimpenda mtu huyo kwa jinsi alivyofuata wimbo wetu, nikampigia makofi kwa mdundo wake. Wimbo ulipoisha mdundo uliendelea kidogo, peke yake. Mama Efraimu akaanzisha wimbo mwingine, kwa sauti ya juu zaidi, akatuashiria sote tusimame. Mdundo ukalegea. Tulipofika ubeti wa mwisho ulikuwa umekwisha, na nikadhani mahindi yamelainika.

Chai ikaja. Mama Wangeci alitazama huku na huku.

"Mama yenu yuko wapi? Sijasikia akitutukana leo."

"Alienda Kerugoya kwa binti yake," akajibu Mama Efraimu, akimimina. "Baridi ya huku ilimshinda."

Ni hapo nilipoona mkongojo. Ulikuwa umeegemezwa nyuma ya kabati, umejificha nusu, ule mti wa mzeituni mwitu uliolainishwa na kiganja cha mtu mmoja. Cucu Nyaguthii hakwenda hata chooni bila mkongojo huo. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Sikufikiri kwamba kuna mtu yuko taabani. Nilifikiri: amedanganya mbele ya afisa. Amemficha Cucu stoo kwa sababu ananuka moshi na ugoro. Nikimtoa sasa hivi, na blanketi lake lile, katikati ya vitambaa hivi vyote, Mama Efraimu ataona aibu mbele ya watu kama mama alivyoona.

"Ameenda Kerugoya bila mkongojo?" nikasema.

Mama Efraimu akaacha kumimina.

"Huyu mtoto bila adabu ni wa nani?" akauliza Mama Efraimu, ingawa alinijua.

"Ni wangu," akasema mama. "Ni wa ile nyumba ya koroboi." Kisha akanigeukia, "Wewe, nyamaza."

Sikunyamaza, maana sikuwa nimekuja kunyamaza. Nilimteremsha Muriuki, nikaenda mlangoni, nikashika komeo. Mama Efraimu alisema, "Acha!" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Komeo lilikuwa gumu; kulikuwa na uzito uliousukuma mlango kutoka ndani. Nilivuta kwa mikono miwili. Lilipotoka, mlango ulijifungua wenyewe, na Cucu Nyaguthii akaanguka miguuni pangu.

Alikuwa ameketi akiuegemea mlango, kichwa chini kwenye mwanya mdogo kati ya mlango na sakafu, akitafuta hewa. Nyuma yake kilikuwa chumba kidogo cha giza. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa magunia ili baridi isiingie. Katikati ya sakafu lilikuwa jiko la makaa, jekundu, zuri, bila moshi hata uzi mmoja. Joto lilitupiga usoni, joto kavu lenye harufu nzito ambayo huingia nyuma ya macho.

Mama ndiye aliyesonga kwanza. Alimshika Cucu makwapani, akamburuta juu ya ile nta nyekundu mpaka nje kwenye manyunyu. Akarudi, akashika jiko kwa leso yake, akalitupa uani likafoka. Akang'oa magunia. Alifanya hayo yote kama mtu aliyejaribiwa mara nyingi na mtoto wake mkorofi. Afisa alipiga kelele, "Mwacheni apate hewa! Msimzunguke!"

Mama Efraimu alisimama kizingitini. "Moshi ilikuwa imeisha," alisema, akimwambia kila mmoja na hakuna yeyote. "Niliiwasha nje mpaka ikawa nyekundu kabisa. Moshi ilikuwa imeisha."

Sitamshtaki kwa hilo. Sisi sote tulifanya hivyo. Katika baridi ile, nani kwenu hakungoja makaa yaache kutoa moshi, kisha akaliingiza jiko chumbani na kuziba kila tundu, akiamini amefanya salama? Hata mimi na magunia yangu yaliyolowa na mafunzo yangu ya kutambaa nisingeiona hatari ile. Nilikuwa nimefundishwa kuogopa moshi. Hakuna aliyetuambia kwamba kinachoua hakionekani, kwa miwani wala bila miwani. Kwa jiko simdai kitu.

Cucu alitapika, akakohoa, akafungua macho. Kwa muda mrefu mvua ilimnyeshea usoni naye hakuifuta. Alipapasa blanketini akitafuta kibuyu chake cha ugoro, na akina mama wakaanza kucheka na kulia pamoja, wakajua amerudi. Kisha akamtafuta Mama Efraimu kwa macho, akampata.

"Niligonga," akasema.

"Mama, pole sana, sikujua..."

"Niligonga, na wewe ukasikia. Nikigonga, unaanzisha wimbo. Nikigonga tena, unaanzisha ingine."

Nilimtazama Mama Wangeci, naye alikuwa akiitazama mikono yake, ile mikono iliyopiga makofi. Nami niliitazama yangu. Sisi sote tulikuwa tumesikia. Ni mmoja tu aliyejua anachosikia.

Zamu ilirudi kwetu. Afisa hakuhitaji kueleza, na hakuna aliyeuliza kama koroboi yetu imehamishwa, ingawa ilikuwa imehamishwa. Siku ya kuezeka Mama Efraimu alilazimika kuja kama wengine, kubeba bati kichwani na kucheza. Nilisimama mahali ambapo angeniona kila anapogeuka.

Lakini Cucu Nyaguthii alikataa kurudi katika boma lile. Alikuja kukaa kwetu, na katika nchi yetu hakuna aibu inayoonekana mbali kuliko ya mwanamume ambaye mama yake anazeekea kwa jirani. Mwanawe alikuja kutoka Nanyuki akabembeleza. Wazee wa ukoo walikaa. Wakaamua kwamba mke atoe mbuzi wa kumtuliza mama mkwe, kama ilivyo desturi, na mambo yaishe.

"Mbuzi nitakula na ataisha," akasema Cucu. "Nataka komeo."

"Komeo gani?" akauliza mzee mmoja.

"Ile ya mlango. Afungue kwa mkono wake aniletee. Na asiweke ingine."

Wazee walicheka kidogo, wakidhani kichwa chake bado kina ule moshi usioonekana. Hawakuelewa. Mimi nilielewa papo hapo, na nilimpenda kwa kiasi ambacho sijampenda mtu tena. Mama Efraimu alilileta mwenyewe, limefungwa katika kitambaa cha kufuma. Cucu alikifungua, akamrudishia kitambaa, akamwomba mama misumari. Likatundikwa juu ya nguzo ya katikati, mbele ya kigoda cha wageni.

Sasa fikirini. Mke wa mtoto hawezi kuacha kumletea mama mkwe chakula. Watu wangemla yeye kwa maneno. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa Mama Efraimu alikuja na kikapu: ndizi, uji wa mtama, sukari. Kila Jumapili Cucu alimkaribisha kwa upole wote.

"Karibu, karibu. Kaa hapo."

Naye alikaa pale, kwenye kigoda, uso kwa uso na komeo. Waliongea habari za mvua na kahawa. Cucu hakulitaja kamwe. Hakuinua sauti. Alivuta ugoro wake, akauliza watoto wanaendeleaje. Mimi nilikaa pembeni nikichambua maharagwe, na kila Jumamosi nilikuwa nimelisugua komeo kwa majivu ili mwanga wa mlangoni ulipige vizuri. Nilikuwa nafanya kazi yangu kwa ukamilifu. Nilijua hata kigoda kikae wapi ili lisimkwepe. Kuna Jumapili alihamisha kigoda kidogo, na Jumapili iliyofuata nilikuwa nimehamisha msumari.

Mara moja tu alinisemesha. Nilikuwa nimekua, nimeanza shule hatimaye, na alinikuta peke yangu mtoni.

"Wewe utanichukia mpaka lini?" akaniuliza.

Nilifikiri sana, kwa maana mimi hupenda kujibu swali sawasawa. "Sijui," nikasema. "Hujawahi kumwambia mama pole."

Alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa, akachota maji yake. Hakusema pole, wala kwangu, wala kwa mama. Mama alikufa bila kuisikia. Cucu alikuwa ametangulia, akiwa mzee sana, kwa usingizi mzuri chini ya mabati, dirisha likiwa wazi. Kabla hajaondoka alinifanya nilitungue komeo, akaliweka mkononi mwangu na kunikunja vidole.

"Usimpe," akasema. "Akiitaka, mami, aje mwenyewe agonge."

Sasa mnajua kwa nini nilihitaji muda wa chai.

Msichana alimaliza kikombe chake. Alisema cucu yake ni mgonjwa, miguu haimbebi tena. Amekuwa akikiota hicho kitu chake kila usiku, na baba wa msichana, Efraimu, amemwagiza aniombe kwa heshima.

"Amelala wapi?" nikauliza.

"Kwa ile chumba ya nyuma, anti. Ndiyo ndogo, haina baridi sana."

Kitu kiliruka kifuani mwangu, kile cha zamani, ambacho si huruma. "Mmemwekea jiko?"

"Ndiyo. Lakini tunangoja moshi iishe kwanza."

Nilisimama. Nilimshika mabega, nadhani nilimtisha. Nilimwambia akifika alitoe jiko lile nje kabla hata ya kuvua viatu, alifungue dirisha lote, ampe blanketi zaidi na maji ya moto kwenye chupa. Nilimfanya arudie. Akakosea, nikamfanya arudie tena. Nilimpa chupa yangu mwenyewe na blanketi langu zito, nikaandamana naye mpaka barabarani nikimkumbusha dirisha.

Msidhani nilikuwa nimelainika. Sitaki Mama Efraimu afe kwa jiko. Nataka aishi. Nataka alale katika chumba kile chenye hewa safi, kichwa kikiwa chepesi na kumbukumbu zikiwa wazi, autazame mlango usio na komeo na zile tundu za misumari, na asikilize.

Msichana alikuwa amevuka barabara alipogeuka, blanketi limemjaa mikononi.

"Na ile kitu, anti? Nimwambie nini?"

"Mwambie nimesikia," nikasema.